Nyumba Iliyotajiwa Majina

Rangi ya vyumba vyote ilikauka, isipokuwa ya chumba kidogo cha upande wa reli. Fabiani, fundi rangi, aliipiga Jumatatu. Jumatano ukiigusa ilikuwa bado inakuachia kidole cheupe. Akalaumu rangi, akalaumu duka lililouza rangi, akalaumu mvua ambayo hata haikunyesha. Alhamisi aliacha kulaumu. Cletus alipofika na pikipiki yake, alimkuta amesimama nje ya kile chumba, brashi mkononi, hataki kuingia.

"Bosi, kuna mtu mwingine ana ufunguo wa humu?"

"Mimi na wewe tu. Kwani vipi?"

"Njoo uone."

Ubavuni mwa mlango, juu ya rangi mbichi, kulikuwa na mstari mfupi wa mkaa, wa aina ile ambayo wazazi humpimia mtoto urefu: unamsimamisha ukutani, unamwekea daftari kichwani, unachora. Fabiani alisema ameupaka rangi juu tangu juzi, na kila asubuhi anaukuta umerudi. Cletus akausogelea. Ulimfikia kwenye kifungo cha tatu cha shati. Binti yake Jeniffer, akimkumbatia baada ya kutoka shule, kichwa chake huishia hapohapo.

"Watoto wa majirani hao," alisema. "Wanapita dirishani."

"Dirisha lina nondo, kaka."

"Fabiani, mimi nakulipa upake rangi. Upelelezi waachie polisi."

Fabiani akapaka. Lakini alipaka akiwa ameacha mlango wazi, na mguu mmoja nje.

Cletus alikuwa mgeni katika kazi hii ya nyumba, na ugeni wake ulikuwa ule mbaya, wa mtu anayejiona ameshaiva. Alikuwa ameuza vocha na makava ya simu sokoni Mpanda mpaka akachoka, huku mchana kutwa akiwatazama kwenye simu vijana wenye suti wakifundisha namna ya kutajirika kwa nyumba za watu. Somo lao lilikuwa jepesi. Mtafute mwenye nyumba aliyekwama: mjane, mgonjwa, mtu anayehama kwa haraka. Andikishana naye kwa bei ya chini, mpe kianzio, kisha kabla hujamaliza kumlipa, mtafute mnunuzi wa bei ya juu umpasie mkataba. Ukishapata nguvu kidogo, nyumba unaikarabati kwanza, unapiga rangi na dari, unaweka vigae barazani, bei inaruka. Na kanuni waliyoirudia kuliko zote ilikuwa hii: muuzaji mpe anachotaka kusikia. Hiyo Cletus aliimeza bila kutafuna, kwa sababu maneno ndiyo mtaji pekee aliokuwa nao.

Nyumba ya nyuma ya stesheni ilikuwa ya Bibi Libérate, mjane ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi na ambaye alikuwa Mtanzania siku nyingi kuliko Cletus alivyokuwa hai. Watoto wake walikuwa wamehamia Sibwesa kulima, na mwanawe mkubwa, Arcade, alikuwa anamsihi mama yake awafuate. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, kuta nene, baraza pana, jiko la nyuma lenye madirisha mawili. Kila dalali wa mji alikuwa ameitamani na kila mmoja alikuwa ametimuliwa. Bibi alikuwa na swali moja tu, na wote walilijibu kwa ukweli, wajinga wale.

"Utakaa mwenyewe?" alimuuliza Cletus.

"Mwenyewe, bibi. Mimi na mke wangu na mtoto. Tumechoka kupanga."

"Usinidanganye, mwana wanje, mwanangu. Nyumba hii ina mwenyeji wake. Hapendi nyumba iwe tupu, na hapendi watu wa kupita. Nikikutaja kwake, nimekutaja. Kufuta siwezi."

"Bibi, nikudanganye ili iweje? Pale mke wangu ataweka cherehani yake. Na hiki chumba kidogo ni cha binti yangu, anapenda kuangalia treni."

Alisema vizuri mno. Ili uongo unukie ukweli, alitaja majina ya kweli, Skolastika na Jeniffer, na akaongeza na darasa analosoma mtoto. Bibi Libérate alimuuliza tena, na tena. Kila mara Cletus aliapa.

Siku ya kukabidhiana, baada ya mwenyekiti wa mtaa kugonga muhuri na kwenda zake, bibi alifagia nyumba nzima, akapika maharage na ugali wa muhogo, akapakua sahani tatu. Moja akampa Cletus. Nyingine mbili akaziweka mkekani mbele ya nafasi zisizo na watu. Kisha akageukia ukuta, akaongea taratibu kwa Kirundi, sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, na katikati ya maneno hayo Cletus akayasikia majina yao yakipita: Cletus, Skolastika, Jeniffer. Alikula huku akijizuia kucheka. Alikuwa anawaza vigae.

Sasa wiki ile ya rangi ilikuwa inaisha, na mambo yalikuwa hayachekeshi tena. Fabiani alisema jiko la nyuma, ambalo hakuna aliyewasha moto tangu bibi aondoke, lina majivu ya moto. Cletus akaenda kuyagusa, akarudisha mkono haraka. Na harufu ya maharage yanayochemka ilikuwa ndani ya nyumba kuanzia asubuhi, ikipita harufu ya rangi, harufu nzuri kabisa ya nyumbani, na ubaya wake ulikuwa ni huohuo uzuri.

Ijumaa Fabiani alikusanya brashi zake.

"Mstari umepanda, kaka," alisema kwa sauti ya chini, kama vile ukuta ungesikia. "Leo umepanda kidogo. Huyo mtoto anakua. Mimi sirudi humu."

"Na hela yako?"

"Baki nayo."

Fundi wa Mpanda anayeacha hela yake ni jambo la kuogopesha kuliko mstari wowote, na Cletus aliogopa kweli. Lakini tayari alikuwa na mnunuzi, na woga wake ukageuka haraka ya kuuza.

Mnunuzi alikuwa Benedikto, mfanyabiashara wa mchele kutoka Mamba, mtu mnene mpole aliyetaka nyumba mjini ili mke wake Marsela na watoto wawe karibu na shule. Alikuja saa sita mchana, jua likiwa kali. Cletus alimzungusha barazani, akamsifia kuta, akamwambia kwamba nyumba ni yake mwenyewe, anaiuza kwa sababu anahamia Tabora. Walikuwa wamesimama sebuleni wakati mwiko ulipogonga ukingo wa sufuria kule jikoni, na sauti ya mwanamke ikaita kwa uchangamfu:

"Baba Jeni, una wageni? Waambie karibuni, chakula kiko tayari!"

"Kumbe shemeji yupo," Benedikto alisema, akitabasamu.

Ilikuwa sauti ya Skolastika. Haikufanana na sauti ya Skolastika. Ilikuwa ndiyo yenyewe, na ule mkwaruzo wa kifua alioupata tangu alipougua nimonia. Cletus akasema samahani kidogo, akatoka barazani, akampigia mkewe simu. Akapokea. Nyuma yake cherehani ilikuwa inalia na muuza samaki ananadi sokoni.

"Uko wapi, Mama Jeni?"

"Kazini kwangu, niwe wapi? Mbona unahema?"

Na huku mkewe akimuuliza hivyo sikioni, kule jikoni, nyuma ya ukuta ambao angeweza kuufikia kwa mkono, Skolastika mwingine alikuwa anaimba taratibu wimbo wa kwaya huku akipakua, na sahani zilikuwa zinapangwa moja baada ya nyingine, na Cletus aliyesimama katikati ya sauti hizo mbili za mwanamke mmoja alijua, wala hakuna aliyemwambia, akajua kabisa kwamba kilichomo humo ndani hakikuja kumfukuza mtu bali kinangojea watu, na kwamba watu hao ni wa kwake.

Mtu mwingine angemwambia Benedikto aondoke. Cletus alirudi sebuleni, akasema, "Mke wangu ana aibu, hawezi kutoka. Mzee, kama umeipenda tumalize leoleo."

Wakamalizana leoleo.

Kwa siku chache alitembea mjini akiwa mtu mkubwa. Alilipia soda wasiomjua. Alimnunulia Jeniffer viatu vya shule, na hapo ndipo furaha ikaanza kuingia doa, kwa sababu vya saizi yake ya mwezi uliopita vilimpwaya.

Skolastika alikuwa ameshaona. Sketi ya shule aliyomshonea mtoto muhula ulipoanza, iliyokuwa inagusa magoti, sasa ilikuwa inafika katikati ya miundi. Mwanzoni alidhani mtoto amekonda. Jioni moja alichukua futi yake ya kushonea, akamsimamisha Jeniffer mlangoni, akampima kuanzia utosi mpaka kisigino, akapima tena, kisha akakaa chini.

"Baba Jeni," alinong'ona, "huyu mtoto anapungua. Sisemi unene. Anapungua urefu."

"Umekosea kupima."

"Mimi? Nikosee futi?"

Jeniffer hakutaka kula. Alisema ameshakula.

"Umekula wapi?"

"Nyumbani. Maharage."

"Hapa ni nyumbani, mwanangu, na leo sijapika maharage."

"Si hapa," mtoto alisema bila wasiwasi. "Kule kwenye chumba changu. Treni inapita."

Cletus akatazama pembeni. Skolastika akamwona anatazama pembeni, akanyamaza, maana naye alikuwa na lake ambalo hakuwa amelisema: kwamba mchana, katikati ya kushona, usingizi unamwangusha juu ya cherehani, na anapoamka viganja vyake ni vyeusi kwa masizi, na nywele zinanuka moshi.

Benedikto ndiye aliyemletea Skolastika jibu. Alifika sokoni kwa bodaboda, hasira imemjaa lakini anaongea chini kwa sababu ya aibu, na Cletus, aliyekuwa amekaa kando ya mkewe, hakupata pa kujificha.

"Ndugu yangu, nyumba umeniuzia. Sasa kwa nini mkeo haondoki? Kila siku yuko jikoni kwangu. Marsela akimsemesha hajibu, anatuangalia tu kama vile wageni ni sisi. Na kuna mtoto anachekacheka kile chumba kidogo. Wanangu wamegoma kulala humo. Tumehamia gesti na vyombo vyetu! Nimemwacha sasa hivi, anachambua maharage..."

Hapo akamwona Skolastika. Alikuwa amelalia cherehani, kichwa juu ya kitambaa, amesinzia fofofo saa nane mchana, na vidole vyake vilikuwa vinachezacheza juu ya meza, vinachambua kitu kisichokuwepo. Benedikto alirudi nyuma mpaka akaikanyaga miguu ya dereva wa bodaboda.

"Huyu," alisema. "Ee Mama Maria! Ndiye huyu."

Skolastika akaamka. Akavitazama viganja vyake, akamtazama yule mtu, kisha akamgeukia mume wake.

"Umefanya nini, Cletus?"

Hakumwita Baba Jeni. Cletus akasema yote, palepale sokoni, akiwa ameinamisha kichwa, na kila alipotaka kulipamba neno mkewe alimwambia, "Sema ilivyokuwa."

Asubuhi yake walikuwa Sibwesa, wamepakizana kwenye pikipiki na mtoto katikati. Bibi Libérate alikuwa uani kwa mwanawe anapukuchua mahindi. Alimtazama Jeniffer kwa muda mrefu, akampa hindi la kuchoma, akamtuma akaangalie mbuzi.

"Hamkukaa," alisema.

"Bibi, nisamehe..."

"Nilikuuliza. Ukaapa. Nikakuuliza tena." Hakupaza sauti, ilikuwa afadhali angepaza. "Aliyejenga nyumba ile alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji, msafiri. Aliweka jini wa kulinda watu wake akiwa safarini. Alipomuuzia marehemu mume wangu, alimtajia jini majina yetu, na tumezeeka mle ndani hatujaibiwa hata kijiko. Mimi ni Mkristo, najua padre angesema nini. Lakini yule hana ubaya. Yeye anataka watu alioahidiwa, basi. Wasipokuja, anawaleta. Anawaleta kidogokidogo, mpaka wawe kule wote, na huku hakuna kitu."

Skolastika alifunika mdomo kwa khanga.

"Dawa yake ni nini, bibi?" Cletus aliuliza. "Kuna mganga? Kuna kafara? Nitatoa chochote."

"Dawa ni kukaa."

"Kwa muda gani?"

Bibi Libérate aliacha kupukuchua. Alicheka kicheko kifupi kisicho na raha ndani yake, akamgeukia Skolastika.

"Umesikia mumeo? Nimemwambia akae nyumbani kwake, anauliza muda gani."

Nyumba ikabidi irudi. Benedikto, kwa wema ambao Cletus hakuustahili, alikubali arudishiwe kile alichotoa, na asiongezewe hata senti ya usumbufu. Lakini sehemu ilikuwa imeshaliwa. Pikipiki ikaenda. Kianzio alichokuwa ameweka kwenye kiwanja cha Kazima kikapotea. Mwisho zikaenda cherehani mbili za Skolastika, hata ile ya kudarizi aliyoachiwa na mama yake. Aliisindikiza mpaka mlangoni, akaigusa, akarudi ndani kufunga mizigo. Hakulia, na Cletus alitamani angelia ili apate la kumbembeleza.

Walihamia siku ya Jumapili baada ya misa. Skolastika aliingia kwanza, akaenda moja kwa moja jikoni bila kuuliza liko wapi. Akapika, akapakua sahani tatu, wakala. Hakuna kilichosikika isipokuwa kijiko cha Jeniffer. Kabla ya mwezi kuisha sketi ilikuwa imepanda mpaka magotini pake, rangi ya chumba kidogo ikakauka, na Skolastika akaacha kusinzia mchana. Alikuwa anashona kwa mkono barazani, na wateja wakaanza kumfuata hukohuko. Jioni upepo ulikuwa unaingia kwa dirisha la reli ukiwa na harufu ya vumbi na maembe, na kwa kweli ilikuwa nyumba nzuri. Cletus mwenyewe alilala vizuri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze utajiri.

Angeweza kuishia hapo, na mimi ningefurahi kuishia hapo. Lakini mtu aliyezoea kuuza haoni ukuta; anaona bei. Akiwa amekaa barazani alikuwa anahesabu moyoni ni kiasi gani mtaa ule umepanda. Simu ikawa inaita. Na alasiri moja ikaita kutoka Mamba, mzee aliyefiwa na mke, ana nyumba na miti ya matunda, hataki kuuzia mtu atakayeikata.

"Nikate miti, mzee wangu?" Skolastika alimsikia mumewe akisema kwa ile sauti tamu. "Mimi nataka nyumba ya kukaa. Mimi na mke wangu na mtoto. Ndiyo. Tutakaa wenyewe."

Alipokata simu mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, sindano mkononi.

"Umetutaja tena?"

"Sijataja majina, Mama Jeni. Akili ninayo. Hii ni mara moja tu, nirudishe cherehani zako."

"Sitaki cherehani. Usiende."

"Siku mbili tu. Naenda, narudi."

"Cletus. Hapa aliahidiwa watu watatu."

Alimbusu Jeniffer utosini, akapanda basi la alfajiri linalopitia Sitalike.

Mzee wa Mamba alikuwa mgumu. Siku mbili zikawa wiki, na wiki ikazaa nyingine. Mwanzoni Skolastika alipiga simu kila jioni, anagomba, anaomba. Baadaye akapunguza kugomba. Kisha akaacha kupiga, na akipigiwa anajibu kwa utulivu, tuko salama, tunakula, usiku mwema. Cletus aliufurahia utulivu huo, akadhani mke amezoea. Alichokishangaa ni tumbo lake. Wali wa Mamba, ambao mchele wake watu huusafirisha mbali, ulikuwa hauna ladha mdomoni mwake. Akikaa mezani anakuta ameshashiba. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya, akautoboa lingine. Siku moja alijiegemeza mlangoni mwa chumba cha gesti na kugundua kwamba kitasa, ambacho wiki iliyopita kilikuwa kiunoni mwake, sasa kinamgusa mbavuni. Alisimama hapo akikitazama. Kisha akabeua, na mbeuo ukaja na harufu ya maharage.

Alimpigia mkewe papo hapo.

"Skola! Kuna nini huko nyumbani?"

"Hakuna kitu. Tunakula."

Na nyuma ya sauti ya mkewe akasikia mwanamume akikohoa kidogo, kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kuanza maneno, kikohozi ambacho Cletus alikijua kwa sababu kila alipotaka kumshawishi mtu hukohoa hivyohivyo.

Alikimbilia basi bila kumuaga mzee wa watu. Njia nzima alikuwa amejikunyata kwenye kiti kilichokuwa kinazidi kuwa kipana, suruali ameishika kwa ngumi, na kondakta alipita mara mbili akichukua nauli za watu wa mbele na wa nyuma bila kumwona, na Cletus aliyekuwa na mdomo mjini kote hakuthubutu kumwita, kwa sababu aliogopa kwamba akiita sauti haitatoka, kwamba sauti nayo imeshatangulia, iko kule nyuma ya stesheni inaongea na mtoto wake.

Alifika jua likizama. Mama jirani alikuwa anaanua nguo.

"We baba, mbona uko nje tena? Si nimekuona umeingia sasa hivi na mkate?" alisema, kisha akamkazia macho, akakusanya nguo zake haraka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa, na ufunguo wake haukuzunguka. Akaenda dirishani. Taa ilikuwa inawaka. Mezani kulikuwa na sahani tatu zilizokwisha kuliwa. Mwanamume mwenye shati lake, shati lile la Jumapili, alikuwa amekaa amempa mgongo, mabega yamejaa, ametulia, na Jeniffer alikuwa amemwegemea mkononi anamsomea kitabu cha shule. Alikuwa amerefuka, mtoto yule. Alipokosea neno yule mwanamume alimngoja mpaka akalipata mwenyewe.

Cletus aligonga kioo kwa kucha. Skolastika akageuka, akaja, akafungua dirisha kiasi cha kupitisha sauti tu.

"Skola, ni mimi."

"Najua."

"Yule si mimi! Yule si mtu!"

"Najua pia. Ongea polepole, mtoto anasoma."

Alishika nondo za dirisha. Ilibidi anyooshe mikono juu ili azifikie. "Aliingiaje?"

"Ulipoondoka, siku ya tatu Jeni aliniuliza baba yuko wapi. Sikuwa na la kusema. Asubuhi tukamkuta mezani." Alimtazama mumewe kwa macho ambayo hayakuwa na chuki, na hilo ndilo lililomchoma. "Nililia siku nzima, Cletus. Nilikupigia, ukaniambia nisikusumbue, uko na mteja. Jioni yule akachota maji. Kesho yake akachota tena."

"Mfukuze. Mwambie mwenye nyumba amerudi. Nakuomba, Skola, nimekwisha, niangalie nilivyo."

"Nikimfukuza, wewe utakaa?"

"Nitakaa."

Alilijibu upesi, kabla swali halijafika mwisho. Alilijibu kwa sauti tamu, baada ya kukohoa kidogo, na wote wawili waliisikia. Akafungua mdomo aseme upya kwa namna nyingine, akatafuta namna hiyo nyingine, asiipate. Skolastika alingoja. Alimngoja muda mrefu kuliko alivyostahili.

Ndani, yule mwanamume aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya Cletus, ila yenye subira:

"Nani huyo, Mama Jeni?"

"Dalali," Skolastika alisema, na akaanza kuvuta dirisha. "Anauliza kama tunauza."

"Mwambie hatuuzi."